Matembezi ya Pwani Siku ya Jua

(Hotuba ya mwalimu mmoja wa pwani ya Pangani, aliyoisoma mbele ya waalimu na wazee wa vijiji. Tunaichapa kwa kuwa wengi walioisikia waliomba kuisoma tena kwa utulivu.)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya safari yangu ya Uingereza, nilikokwenda mwaka 2019 kwa masomo ya miezi mitatu. Mtu atokaye ng'ambo hutazamiwa kueleza majumba marefu, magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi, na wingi wa watu wa London. Mambo hayo mmekwisha kuyasikia, na katika picha mmeyaona. Mimi leo nataka kuwaeleza jambo dogo, nalo ni matembezi ya siku moja kwa miguu, kandokando ya bahari, siku ya jua. Sababu ya kulichagua jambo hili mtaiona mwisho wa maneno yangu, maana linatuhusu sisi na shule yetu.

Kwanza yafaa nieleze majira. Sisi tunahesabu mwaka kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, vuli. Wenzetu wa huko wanahesabu kwa baridi na joto. Kuanzia Disemba hata Februari miti yao mingi husimama mitupu kama kuni, mchana ni mfupi, na jua likionekana halina nguvu. Kisha hufika Machi, na kama tarehe 20 ya mwezi huo usiku na mchana hulingana duniani kote. Baada ya hapo kwao mchana huzidi kurefuka, majani huchipua, na watu hutoka nje kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Hayo ndiyo majira ya kuchipua. Huku kwetu siku hizo hizo kaskazi inakufa, na mkulima anatazama mawingu ya masika.

Basi katika wiki ya mwisho ya Machi, siku ya mapumziko, nilipanda gari la moshi hata mji mdogo uitwao Seaford, ulio katika pwani ya kusini ya Uingereza, mahali reli inapokwishia. Nia yangu ilikuwa kutembea kwenda mashariki, kwa njia ya watu wa miguu ifuatayo ukingo wa bahari, hata mahali paitwapo Birling Gap na mbele yake kidogo, mwendo wa kama maili nane. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na mkate, chupa ya chai, na koti zito ambalo kabla ya adhuhuri nalilivua na kulibeba begani, maana jua lilikuwa zuri, na upepo ulikuwa mdogo.

Nilipofika ufukoni jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuna mchanga. Ufuko wote ni kokoto za mviringo, za rangi ya kahawia na kijivu, ngumu kama chuma, na wimbi likirudi nyuma hulia kama mahindi yanayomwagwa katika debe. Jambo la pili lilikuwa malori. Nalikuta malori makubwa yakipakia kokoto upande mmoja wa ufuko na kwenda kuzimwaga upande wa pili. Nikafikiri wanajenga nyumba. Nikamwuliza mtu mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake. Akacheka, akaniambia: "Hawajengi kitu, Bwana. Wanairudishia bahari chakula chake."

Kisha akanieleza, na baadaye niliyasoma hayo katika vitabu nikaona ni kweli. Katika pwani ile mawimbi husukuma kokoto kutoka magharibi kwenda mashariki, mwaka baada ya mwaka, kama watu wanaopita njiani. Magharibi ya Seaford iko bandari ya Newhaven. Katika karne ya 19 ilijengwa huko kuta ndefu iingiayo baharini, ili meli zipate utulivu. Bandari ikanufaika. Lakini kokoto zilizokuwa zikipita zikazuiliwa na ukuta, zisifike tena Seaford, na ufuko wa Seaford ukapungua hata mawimbi yakawa yanaupiga mji wenyewe. Mwisho, mwaka 1987, ilibidi kokoto nyingi sana zichotwe chini ya bahari na kumwagwa hapo kuufanya ufuko mpya. Na hata baada ya hapo kazi haikwisha: kila mwaka malori huja kuzirudisha kokoto zilizosukumwa. Mtu mmoja alijenga ukuta, na jirani yake analipa gharama hata leo.

Nikaondoka hapo nikaanza kupanda kilima kiitwacho Seaford Head. Njia ni ya majani mafupi yaliyolishwa na kondoo, laini chini ya miguu kama mkeka. Pembeni palikuwa na vichaka vya miiba vilivyojaa maua ya manjano, yenye harufu karibu na ya nazi. Nami nilipoisikia harufu hiyo, mbali namna ile, nilisimama kidogo. Juu angani alikuwa ndege mdogo, kipozamataza, ambaye hupaa wima akiimba bila kupumzika, hata asionekane tena, sauti yake tu ikabaki.

Nilipofika juu nikaona kile nilichokuja kukitazama. Ng'ambo ya bonde la mto, magenge meupe yalikuwa yamesimama wima juu ya bahari, moja baada ya jingine, yakipanda na kushuka kama mgongo wa nyoka. Weupe wake si kama weupe wa mchanga wetu. Ni weupe wa kanzu mpya. Waingereza huyaita Dada Saba. Genge refu kuliko yote katika hayo lina kimo cha meta 77, yaani kupita minazi mitatu ikiunganishwa. Chini yake bahari ilikuwa ya kijani, na kandokando yake maji yalikuwa meupe kama maziwa, kwa sababu ya vumbi la genge linaloyeyuka ndani yake.

Waalimu wenzangu, magenge yale yote ni chaki. Chaki ya ubaoni inayouzwa siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe la jasi, lakini jina lake na desturi yake vimetoka katika jiwe lile. Nilikiokota kipande kilichoanguka, nikaandika jina la shule yetu juu ya bamba la mbao lililokuwa hapo, kisha nikalifuta kwa mkono, nikiona haya kama mwanafunzi.

Jiwe hilo limetoka wapi? Mwaka 1868 mtaalamu Thomas Henry Huxley aliwahutubia wafanya kazi wa mji wa Norwich juu ya kipande kimoja cha chaki, na hotuba ile imekuwa mashuhuri hata leo. Wale hawakuwa watu wa vyuo vikuu; walikuwa watu wa mikono kama baba zetu. Akawaonyesha kwamba kipande ambacho seremala hukitia mfukoni ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini. Viumbe hivyo huishi majini, na kila kimoja kina magamba ambayo jicho haliwezi kuyaona bila darubini. Vikifa, magamba huzama polepole, yakalala chini kama vumbi juu ya kabati. Vumbi hilo likilundikana kwa miaka isiyohesabika hugeuka jiwe. Chaki ya pwani ile ina umri wa miaka zaidi ya milioni 80. Kisha ardhi ikainuliwa, na kilichokuwa sakafu ya bahari kikawa kilima cha kulishia kondoo.

Katikati ya chaki hiyo nyeupe mna mistari ya mawe meusi. Hayo ni gumegume, jiwe lile lile walilolitia wazee katika bunduki zao za zamani ili litoe cheche. Sasa fikirini: genge likianguka, chaki ni laini, huyeyuka ikaenda na maji, lakini gumegume halisagiki upesi. Hubaki ufukoni, mawimbi hulibiringisha, nalo huwa kokoto. Basi zile kokoto za Seaford ni watoto wa magenge. Genge likianguka huzaa kokoto, na kokoto zikilala chini ya genge hulilinda lisipigwe. Wimbi lifikapo juu ya ufuko mpana huchoka kabla ya kufika ukutani. Ufuko ukiwa mwembamba, wimbi hufika na nguvu zake zote.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya katika pwani hiyo hiyo. Walipima alama ambazo miale itokayo angani huziacha ndani ya gumegume lililo wazi. Kadiri jiwe lilivyokaa wazi, ndivyo alama zilivyo nyingi. Kwa njia hiyo waliweza kujua mwendo wa genge kurudi nyuma tangu zama za kale. Wakakuta kwamba kwa maelfu ya miaka lilirudi nyuma sentimeta 2 hata 6 kwa mwaka. Lakini katika miaka 150 iliyopita limekuwa likirudi sentimeta 22 hata 32 kwa mwaka. Sababu moja kubwa waliyoitaja ni kupungua kwa ufuko: kokoto zilizokuwa ngao zimekuwa chache. Nawaomba muishike hesabu hiyo, maana nitairudia.

Niliposhuka bondeni nikafika mto uitwao Cuckmere. Huo nao una kisa. Ukitazama kutoka juu unaona mito miwili: mmoja umenyooka kama kamba, na mwingine umejipinda kama nyoka anayeota jua. Ule uliopinda ndio mto wa asili. Mwaka 1846 watu walichimba mfereji wa moja kwa moja hata baharini, maji yakapita huko, na mapindo ya zamani yakabaki maji yaliyosimama. Waliouchimba wamekufa zamani, wajukuu wao nao wamekufa, na bado kila mpita njia huiona kazi ya majembe yao. Hapo hakuna daraja karibu na bahari. Ilinibidi niende bara hata daraja la Exceat, kisha nirudi pwani kwa ng'ambo ya pili. Sikujuta, kwa kuwa mabondeni kondoo walikuwa na wana wao wachanga wakirukaruka, na bata wa porini walikuwa wengi majini.

Kisha nikaanza kuwapanda Dada Saba. Nawaambieni kweli, ukiwatazama kwa mbali ni wazuri. Ukiwapanda, magoti hulalamika. Unapanda, unashuka, unapanda tena. Adhuhuri nalikaa juu ya mmoja wao kula mkate wangu, mbali na ukingo, kwa kuwa ukingo wa chaki hauaminiki: juu waona majani mabichi, kumbe chini yake pametoboka. Vilevile atembeaye chini ufukoni hana budi ajue saa za maji kujaa na kupwa, asije akabanwa kati ya bahari na genge. Siku zile ilikuwa majira ya bamvua kubwa, kama ilivyo kwetu wakati usiku na mchana vinapolingana. Mvuvi wa Pangani akienda pale hangehitaji kufundishwa jambo hilo.

Nilipokuwa nikila nilitazama kivuli changu. Ilikuwa adhuhuri, na kivuli kilikuwa kirefu kunipita mimi mwenyewe. Nikakumbuka kwamba saa ya adhuhuri siku hiyo hiyo mtoto wa shule yetu akisimama uwanjani, kivuli chake chote kiko karibu na nyayo zake. Waalimu, hilo ni somo la jiografia lisilohitaji kitabu.

Akaja ndege mdogo akatua juu ya jiwe, karibu nami, mwenye mgongo wa kijivu, na alipopaa nikaona kiuno chake cheupe. Ndege wa namna hiyo ni miongoni mwa wa kwanza kufika pwani ile mwezi wa Machi. Hukimbia baridi ya Ulaya wakakaa Afrika, kusini ya Sahara, kisha hurudi kuzaa. Zamani wachungaji wa vilima vile walikuwa wakiwatega kwa wingi na kuwauza kuwa kitoweo. Nikamwambia kwa Kiswahili: "Karibu, jirani. Na wewe umetoka kwetu?" Hakujibu, lakini hakukimbia upesi.

Kama saa tisa nikafika Birling Gap. Hapo magenge hushuka chini, na iko ngazi ya chuma ya kuteremkia ufukoni. Zilijengwa hapo nyumba za safu moja, za walinzi wa pwani, katika karne ya 19. Zilipojengwa zilikuwa mbali na ukingo, zina bustani na njia mbele yake. Bahari ikaja hatua kwa hatua. Katika majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014 dhoruba zilipiga mfululizo, na kwa miezi michache likamegwa eneo ambalo kwa desturi lingemegwa kwa miaka kadhaa. Nyumba moja ikabidi ibomolewe mwaka 2014 kabla haijaanguka yenyewe. Ukitazama safu hiyo leo unaona ukuta wa mwisho umebaki wazi, kama mdomo uliong'oka jino.

Nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya benchi akiota jua. Tukaamkiana. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia. Akasema yeye alikuja hapo mara nyingi alipokuwa mtoto, kwa kuwa jamaa zake walikuwa wakikaa karibu. Nikamwuliza bustani ya nyumba ile iliyobomolewa ilikuwa wapi. Akainua fimbo yake, akaonyesha mbele. Nikatazama. Alikuwa akionyesha hewani, juu ya bahari, mahali ndege weupe walipokuwa wakizunguka. "Kule," akasema. "Kule ndiko tulikokuwa tukicheza mpira."

Nikamwuliza kwa nini hawakujenga ukuta. Akaniambia kwamba wenye nyumba waliomba kinga ya mawe iwekwe chini ya genge, na wakuu walikataa. Walitoa sababu mbili. Kwanza, genge ni jeupe kwa sababu linaanguka. Likizuiliwa litaota majani na kugeuka kuwa kilima kama vilima vingine, na thamani yake itapotea. Pili, genge likizuiliwa lisianguke halitazaa kokoto, na walio mashariki watakosa ngao yao. Mzee yule akanyamaza, kisha akasema: "Nimeielewa hoja yao tangu siku ya kwanza. Lakini aliyeielewa hoja si yule aliyehamisha kitanda cha mama yake."

Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina. Sheria ya pwani yaweza kuwa ya haki kwa watu wengi, na bado ikamwumiza mmoja. Mwenye kuitekeleza asimcheke yule mmoja, wala asimsahau.

Mbele kidogo juu ya kilima nikaona mnara wa taa wa zamani, uitwao Belle Tout. Ulianza kujengwa mwaka 1832 juu ya genge, ili kuwaonya mabaharia. Lakini ukungu mara nyingi uliifunika taa yake kwa kuwa iko juu mno, na mwaka 1902 ukaachwa, ukajengwa mnara mwingine chini kabisa, majini, karibu na genge kubwa la Beachy Head, wenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe. Mnara wa zamani ukawa nyumba ya watu. Mwisho wa karne iliyopita bahari ilikuwa imeukaribia sana. Basi mwezi wa Machi mwaka 1999 waliuinua wote kwa majeki, mnara wa tani 850, wakauweka juu ya mihimili iliyopakwa mafuta, na kuusukuma polepole meta 17 kwenda bara. Tena msingi wake mpya wameutengeneza kwa namna ya kuweza kusukumwa tena siku nyingine. Walijua kwamba bahari itakuja.

Jua lilipoanza kushuka nikapanda basi nikarudi. Uso wangu ulikuwa umechomwa na upepo, na mfukoni nilikuwa na kipande cha chaki na kokoto moja ya gumegume. Hivi hapa mezani, mtavishika baadaye.

Sasa, wazee wangu, nakuja kwenye shabaha ya maneno yangu.

Kaskazini ya Dar es Salaam iko pwani ya Kunduchi. Watu wa makamo hapa wanakumbuka ufuko wake ulivyokuwa mpana. Bahari imeula ufuko ule kwa miongo mingi, na hoteli mojawapo iliyojengwa karibu na maji iliachwa ikavunjwa na mawimbi. Wataalamu walioichunguza pwani hiyo wametaja miongoni mwa sababu zake uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyoteremka kutoka bara. Mchanga ule ulikuwa ukienda ufukoni kila masika, kama kokoto za Seaford. Watu waliuchimba njiani kabla haujafika, wakajengea mji. Na hapa kwetu, mbele ya Pangani, kilikuwako kisiwa cha Maziwi. Kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikuja kutaga huko. Miti ilikwisha, kisha ardhi ikafuata. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo maji yakipwa huonekana fungu la mchanga, na maji yakijaa hakuna kitu.

Ndugu zangu, kwetu hakuna magenge ya chaki wala gumegume. Lakini kanuni ni ile ile. Ngao ya nchi yetu ni mchanga uletwao na mto, na mikoko ishikayo tope, na matumbawe yavunjayo wimbi mbali. Anayechota mchanga mdomoni mwa mto hachoti mali isiyo na mwenyewe. Anachota ukuta wa nyumba ya jirani yake aliye upande wa pili.

Na sasa nitasema jambo ambalo linanitia haya. Madarasa yetu mawili mapya, ambayo sote tunayaonea fahari, yalijengwa kwa mchanga wa mdomo wa mto wetu. Aliyelipa malori ni kamati ya shule, na aliyeandika hesabu ni mimi. Nalifurahi siku ile kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Mwaka wa pili baadaye minazi minne ya mama mmoja, mjane, iliyo kusini ya mdomo wa mto, ilianguka ufukoni katika bamvua moja. Siwezi kusema kwa yakini kwamba malori yetu ndiyo yaliyoiangusha. Pwani ina sababu nyingi. Lakini tangu nilipoketi na mzee yule wa Birling Gap, kila nipitapo pale naiona fimbo yake ikionyesha hewani.

Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele yenu. La kwanza ni kwa wazee: kwamba mchanga wa darasa la tatu tunalokusudia kujenga utoke katika machimbo ya bara, ingawa gari litapita njia mbaya na bei itazidi. Tofauti ya bei nimeiandika, nayo iko kwa Mwenyekiti. Si ndogo, lakini tunaweza kuichanga kwa misimu miwili ya nazi. La pili ni kwa waalimu: tupige vigingi vitatu nyuma ya ufuko, na kila bamvua ya Machi na ya Septemba watoto wapime kwa futikamba kutoka kigingi hata ukingo wa mchanga, na kuandika katika daftari moja lisilopotea. Wenzetu wanajua kwamba genge lao lilikuwa likirudi sentimeta 2 hata 6, na sasa 22 hata 32, kwa sababu wamepima. Sisi tunasema tu, "Bahari imesogea," na mwaka ujao tunasema tena hivyo hivyo. La tatu ni kwetu sote: yule mama mwenye minazi minne asiachwe peke yake. Hata kama hatujui kwa yakini kosa ni la nani, tunajua hasara imempata nani. Mimi nimeanza kwa kumpelekea miche sita ya minazi, nayo imepandwa mbali na maji, upande wa bara.

Wazee wetu, mkiridhika na maneno haya, vigingi nimekwisha kuvichonga, viko nyuma ya darasa la kwanza. Maji yatakuwa makubwa Jumamosi alfajiri. Atakayependa kuja kutembea nasi na aje. Njia si ndefu kama ile ya Dada Saba, na kwa rehema ya Mungu kutakuwa na jua.